Ngozi na Viungo: Majibu ya Maswali Yenu

Shikamoo daktari. Nina magamba viwikoni na kichwani, mwaka wa sita huu. Juzi kidole kimoja cha mguu kimevimba chote, na kucha za mikono zina vishimo. Dada wa saluni anasema ni fangasi. (Morogoro)

Marahaba. Fangasi huenda wapo, lakini hao hawavimbishi kidole kikawa kama soseji. Sogea dirishani uitazame kucha kwa ubavu: ukiona vitundu vidogo vidogo, kana kwamba mtu kaichomachoma kwa ncha ya pini, na magamba hayo unayo, mimi nafikiria soriasisi, ugonjwa unaoleta magamba ya ngozi. Nayo haiishii kwenye ngozi. Katika kila wagonjwa 10, wawili hadi watatu huja kuumwa viungo, mara nyingi miaka kadhaa baada ya magamba kuanza. Kinga ya mwili imegeuka na kumshambulia mwenyewe.

Kinachowaponza wengi ni kupeleka magamba kwa daktari wa ngozi na kidole kwa daktari wa mifupa, na hakuna anayeviona vyote viwili. Siku ya kwenda, vua viatu, funua na kichwa. Kipimo cha damu cha baridi yabisi kikitoka safi usirudi nyumbani ukishangilia, maana katika ugonjwa huu mara nyingi hutoka safi. Na vile vidonge vya prednisoloni, vya kutuliza uvimbe, vya duka la dawa viache huko huko dukani: ukivikatisha, magamba yanaweza kufumuka kuliko mwanzo.

Binti yangu wa miaka 22 ametokwa na weusi mashavuni na juu ya pua. Anachoka sana, na vidole vinamuuma asubuhi. Majirani wanasema ni mkorogo, yeye anakana. (Tanga)

Mwamini mwanao kwanza. Weusi unaotanda mashavu yote mawili na kuvuka pua kama kipepeo, ukiiruka mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, unanifanya nifikirie lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili kumshambulia mwenyewe. Picha nyingi za vitabuni zimepigwa kwa watu weupe, zinaonyesha wekundu. Kwenye ngozi yetu rangi hukolea ikawa ya zambarau au kahawia nzito, ndiyo maana binti wa watu anasingiziwa mkorogo.

Muulize: akikaa juani huzidi? Nywele zinakatika? Ana vidonda mdomoni? Kisha mpeleke hospitali, na pamoja na damu apimwe mkojo. Lupasi huingia kwenye figo kimyakimya, na protini kwenye mkojo ndiyo huanza kuitoboa siri. Kwa sasa avae kofia pana na mikono mirefu, na krimu zote, hata za nia njema, aziweke kando.

Nina lupasi, nimeandikiwa haidroksiklorokwini. Si dawa ya malaria hii? (Dodoma)

Ni ndugu wa klorokwini, ile iliyotuwasha usiku kucha kabla Tanzania haijaiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Hii nayo huweza kuwasha, lakini wewe umepewa itulize kinga ya mwili, ngozi na viungo vipate nafuu. Haina haraka: ipe miezi miwili, mitatu. Pima macho unapoanza, na ukifikisha miaka 5 ukiitumia pima kila mwaka. Ukishika mimba usiiache kabla ya kumuuliza daktari wako. Wengi huendelea nayo.

Mama ana baridi yabisi ya siku nyingi. Ameota vinundu vigumu karibu na kiwiko, haviumi. Vikatwe? (Kisumu)

Visipopasuka wala kumzuia kuegemea, viacheni. Ni vya ugonjwa wenyewe, hupenda sehemu zinazogandamizwa, na vikikatwa hurudi. Kama anatumia methotrekseti, dawa ya baridi yabisi, daktari ajue, kwani wakati mwingine dawa hiyo huviongeza. Na hiyo ni ya mara moja kwa wiki! Waliokosea wakaimeza kila siku, wengine wamekufa. Chagueni siku, tuseme Jumapili, muiandike kwenye boksi kwa kalamu nene.