Loji ya watazamaji ndege upande wa Gede: uulize nini, na siku nne uzipangeje

Ndugu, umeuliza mambo mawili. Unakuja Malindi na shemeji mwezi wa kwanza kwa siku nne, mmeona loji ya watazamaji ndege upande wa Gede, na mnataka kujua kama inafaa. Tena mnataka kumwona yule bundi mdogo wa Sokoke. Yote mawili yanategemea saa zenu za siku kuliko chumba chenyewe, kwa hiyo naanza na saa.

Kabla ya kulipa, uliza chai ya asubuhi inatoka saa ngapi. Mwezi wa kwanza huku jua linachomoza kama saa 12 na dakika 20, na ndege wa msituni wana saa mbili tatu za shughuli kabla joto halijawanyamazisha. Loji inayofungua jiko saa 1 na nusu inafaa kwa watu wa baharini, si kwenu. Inayojua kazi hii itawaachia chupa ya chai na kifungua kinywa cha kubeba saa 11 alfajiri, na saa 12 mko kwenye kituo cha msitu cha Gede, pale barabara ya Mombasa–Malindi. Waambieni wafunge mahamri, mayai ya kuchemsha na ndizi. Mbaazi za nazi ziacheni za jioni, maana nazi ikikaa ndani ya gari juani huchacha upesi. Maji ya kunywa, lita 3 kwa kila mtu.

Swali la pili ni taa za nje. Taa nyeupe zinazowaka usiku kucha huvuta wadudu wote mlangoni na kuwafanya msione bundi anayelia hata kwenye mti ulio mbele ya baraza. Ulizeni kama zinazimwa baada ya chakula cha jioni.

La tatu, na hili watu hulipuuza, ni beseni la maji bustanini. Mwezi wa kwanza ni kaskazi, mvua za vuli zimekwisha, vidimbwi vimekauka. Beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5, jiwe katikati, na kichaka umbali wa mita mbili hivi, litaleta ndege kama chozi, kwera na shorewanda mchana kati ya saa 6 na saa 9, saa ambazo msituni hakuna kitu. Kina kikizidi hapo, ndege wadogo hunywa ukingoni tu wala hawaogi. Maji yabadilishwe kila siku, yasije yakazalisha mbu. Loji inayotunza beseni lake hivyo huwa inatunza na mengine. Neti ya mbu kitandani ni lazima, na habari ya dawa ya malaria mwoneni daktari kabla ya safari.

Sasa msitu. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na kosa kubwa la wageni ni kuuona kama msitu mmoja. Ni misitu mitatu, na kila mmoja una ndege wake. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati, juu ya mchanga mweupe, kuna mirihi, miti mirefu yenye nafasi baina yake. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu na kuna vichaka vizito vya miti iitwayo Cynometra. Bundi wa Sokoke, Otus ireneae, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1965 tu, ni wa huko kwenye udongo mwekundu. Mkizunguka karibu na geti asubuhi nzima mtaona ndege wazuri, lakini yeye hamtamwona.

Kwa bundi huyu mchukueni mwongozaji wa msitu, wale wanaopatikana kituoni, na mpangeni naye siku moja kabla ili ajue alfajiri mnaanzia wapi. Mchana bundi hulala ndani ya kichaka, chini kabisa, mara nyingi urefu wa mtu au pungufu, akiwa amejibana kwenye shina. Ana urefu wa sentimita 16 hivi. Wako wa kijivu na wako wa rangi ya kutu, na huyu wa kutu kati ya majani makavu unaweza kumtazama ukadhani ni jani. Mwongozaji huingia kwanza peke yake, akimpata anawaita mmoja mmoja. Simameni mita tatu au nne, msizungumze, msitumie flashi, dakika tatu zinatosha. Akifungua macho yote mawili na kujinyoosha akawa mwembamba, keshaogopa: rudini nyuma taratibu. Bundi akifurushwa mchana ndege wengine humzonga kwa kelele, na mwewe husikia. Tena anahama kichaka, na atakayekuja kesho hampati. Msikubali pia kuchezewa sauti yake ya kurekodiwa mara kwa mara. Anaacha kuwinda ili ajibu adui asiyekuwepo.

Kwenye mirihi kazi ni tofauti. Ndege huko hutembea kwa makundi mchanganyiko juu kwenye vilele, kundi linapita juu yenu dakika tano, kisha kimya nusu saa. Msilikimbilie. Simameni mahali penye uwazi, mlisikilize linakuja. Humo ndimo mnamtafuta chozi wa Amani na kwera wa Clarke, ambaye hana kwao pengine duniani isipokuwa hapa na msitu wa Dakatcha, huko kaskazini-magharibi mwa Malindi. Mahali anapotaga palijulikana mwaka 2013, kwenye mabwawa ya msimu ya Dakatcha. Kwa kuwa anahamahama, mtu mwangalifu kabisa anaweza kumkosa. Msiihukumu loji wala mwongozaji kwa hilo.

Darubini: 8x42, si 10x42. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 unapata duara la mwanga lenye upana wa milimita 5.25 linalofika jichoni. Kwa 10 ni 4.2 tu. Ndani ya kichaka saa 12 na nusu tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha rangi ya tumbo la ndege. Chumba kikiwa na AC, darubini ilale nje ya ubaridi huo, ndani ya begi, la sivyo ukitoka alfajiri vioo vinafunga ukungu na dakika 20 za kwanza zimekwenda. Nguo za kijani au kaki, suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Upupu ukikugusa usikune: bandua vinyweleo kwa plasta ya gundi, kisha osha. Na msiingie ndani bila mwongozaji, maana tembo wamo. Malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, hivyo malizeni jioni mkiwa na mtandao wa loji.

Hori ya Mida ndiyo ya alasiri, na hapo mwenye amri ni maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili zinazofuata, pwani yetu maji hujaa kama saa 10 alasiri. Fikeni saa 8 kwenye lile daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Maji yanapopanda yanawasukuma ndege kutoka kwenye tope la mbali hadi mbele ya kibanda cha kutazamia, na jua liko mgongoni mwenu. Mkifika maji yameshajaa, mtaona maji matupu, ndege wameruka kwenda kupumzika. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, hujaa kama saa 4 asubuhi, basi itoeni asubuhi moja ya msitu mwende Mida. Mtafuteni ndege aitwaye Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayetaga ndani ya shimo mchangani huko pwani za Somalia na Uarabuni kisha kuja kwetu. Mwezi wa kwanza hawakosekani. Mwenye teleskopu akumbuke kwamba ubao wa daraja hutikisika mtu akitembea, kwa hiyo wote msimame kwanza. Ada ya daraja hilo husaidia karo za wanafunzi wa vijiji vya kando ya msitu kupitia mpango wa ASSETS, ulioanza mwaka 2001, kwa hiyo ilipeni kwa moyo mweupe.

Joto la adhuhuri limalizieni magofu ya Gede. Kuna kivuli, na yule sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya dhahabu, hupekua majani makavu katikati ya kuta. Mnamsikia kabla ya kumwona.

Mdomo wa mto Sabaki upangeni asubuhi ya siku ya mwisho, kwa kuwa uko kaskazini mwa mji na upepo wa mchana hupeperusha mchanga. Nendeni na mwenyeji, viboko na mamba wamo mtoni. Heroe na membe mtawapata. Kwa ndege aitwaye glareola wa Madagaska ingebidi mje wakati wa kusi. Mkirudi msifute vioo vikavu: pulizeni mchanga kwanza, halafu kitambaa laini chenye maji baridi yasiyo ya chumvi.

Weka tarehe zenu kamili hapa uzini, tuwatazamie mwezi na maji, tuwaambie siku ipi ni ya Mida.