Usirudi nyumbani kama mwenye nyumba

Ninyi mnaojiandaa kurudi moja kwa moja baada ya miaka mingi ya kazi ugenini, anzeni na kosa langu. Nilirudi nina miaka 63, na wiki ya kwanza tu nikaanza kupanga: nani alale wapi, bili ilipwe lini, mjukuu anyang'anywe simu saa ngapi. Mke wangu alininyamazia siku nne, kisha akasema, "Mzee, nyumba hii nimeiendesha miaka 24."

Miaka yote hiyo nilikuwa sauti ya kwenye simu na pesa ya mwisho wa mwezi. Mwanangu mkubwa huniamkia kwa heshima zote, lakini shauri anampelekea mjomba wake. Iliniuma. Ila mjomba ndiye aliyekuwa akiitwa shuleni kijana akikorofisha. Kwa hiyo miezi ya kwanza kaa kama mgeni mwenye adabu; hata kiti usikihamishe bila kuuliza. Na kabla hujaacha kazi, njoo ukae miezi miwili mfululizo ujionee. Likizo ya wiki tatu hudanganya: kila mtu anakuchekea, na wewe una pesa mfukoni.

Makaratasi yamalize hukohuko, hasa ya pensheni. Hesabu michango yako: kwa kawaida Uingereza hutaka miaka 10 ndipo upate pensheni ya serikali, Ujerumani miaka 5, Marekani krediti 40, yaani kama miaka 10 ya kazi. Mwenzangu mmoja aliondoka amebakiza miezi saba! Uliza pia kama pensheni hiyo italipwa ukiwa nje ya nchi. Nchi nyingi hukutumia fomu ya kuthibitisha kwamba bado u hai; usipoirudisha, malipo husimama. Ya kwanza nilicheka kuiona. Ya pili niliisahau mezani, na sikucheka tena.

Chukua nakala ya faili lako la hospitali. Dawa ziandikwe kwa jina la kitaalamu, maana la kibiashara hubadilika nchi kwa nchi.

Na ndugu waliozoea kutumiwa waambie mapema, wewe mwenyewe, kwamba mshahara unakoma.

Mwezi wa tano mke wangu alinikabidhi daftari la bili. Akaniambia nisome tu, nisiandike kitu.