"Pini ya 5", "pini 5" au "pini namba 5"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha vijana wa mtaani kwetu hapa Morogoro kutumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zile zinazouzwa zikiwa bodi tupu bila kasha. Mwongozo tulionao ni wa Kiingereza, nami nimeanza kuandika wa kwetu kwa Kiswahili. Katika zoezi la kwanza niliandika: "Unganisha waya mwekundu na pini ya 5." Kijana mmoja akahesabu pini kwenye safu mpaka akaifikia ya tano. Mwenzake akatafuta pini yenye umeme wa volti 5. Mwalimu mwenzangu anasema kosa ni hiyo "ya", kwamba ningeandika "pini 5" tu yangeisha. Kipi sahihi? Na jambo la pili: kifaa chenyewe nikiite kompyuta ya bodi moja au ya ubao mmoja?

JIBU: Marahaba. Vijana wako hawakukosea hata mmoja. Sentensi uliyowapa ina njia nne, wao wamepita mbili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika: Raspberry Pi ilianza kuuzwa Februari 29, 2012, na ilibuniwa Cambridge, Uingereza. Modeli B ya kwanza ilitoka kwa dola 35, na umbo lake halikupita sana kadi ya benki. Kando ya bodi kuna safu mbili za vijiti vya chuma vilivyosimama wima, vimeachana milimita 2.54. Hizo ndizo pini. Bodi za mwanzo zilikuwa nazo 26. Tangu modeli B+ ya mwaka 2014 zimekuwa 40. Namba zake hupishana: safu ya ndani ni 1, 3, 5, 7 mpaka 39, na safu ya ukingoni ni 2, 4, 6 mpaka 40.

Sasa rudi kwenye "pini ya 5". Aliyeshika karatasi yenye mchoro wa namba ataiendea pini iliyoandikwa 5, ambayo ni ya tatu katika safu ya ndani. Kijana wako wa kwanza, aliyehesabu moja, mbili, tatu kwenye safu hiyohiyo, aliangukia namba 9, na namba 9 ni pini ya GND, yaani upande wa hasi. Wa pili, aliyetafuta volti 5, alifika namba 2 au namba 4. Na angekuwepo wa tatu aliyezoea kuandika programu, angekwenda moja kwa moja namba 29, kwa sababu hapo ndipo ilipo GPIO 5, jina linalotumika ndani ya programu (GPIO ni pini za kupokea na kutoa ishara). Neno moja, pini nne, na zote zina kazi tofauti.

Chanzo ni -a unganifu, yaani ile "ya", "wa" au "la" inayounga maneno mawili. Tunaitumia kwa mambo mengi mno kiasi kwamba hatuioni tena. Mtoto wa tano: mpangilio. Mtoto wa Asha: mzazi wake. Mtoto wa kiume: jinsia. Kisha kuna matumizi ya dukani, ambayo vitabu vya sarufi huyapita haraka: vocha ya elfu tano, soda ya mia saba. Hakuna muuza duka atakayeanza kuhesabu vocha mpaka afike ya elfu tano; anajua umetaja thamani. Kijana wako wa pili alisoma "pini ya 5" kama anavyosoma "vocha ya 5,000". Ni Kiswahili kamili. Wa kwanza alisoma kama "darasa la tano". Nacho ni Kiswahili kamili.

Kwa kawaida muktadha hutuokoa. "Ukurasa wa 5" hauna tatizo, kwa kuwa ukurasa ulioandikwa 5 ndio pia wa tano ukihesabu. Kwenye safu mbili zinazopishana namba, kilichoandikwa na kinachohesabika haviendi pamoja, na papo hapo kuna kipimo cha umeme chenye tarakimu ileile. Hapo muktadha hausaidii tena.

Je, tuiondoe "ya" kama anavyoshauri mwenzako? Ana hoja. Kiswahili kina majina yanayofuatwa na namba tupu bila kuhesabu chochote: tarehe 5, saa 5, chaneli 5. Kwa hiyo "pini 5" si kosa la sarufi. Tatizo lake ni ngeli. Linganisha na kiti. "Kiti 5" ni kiti chenye namba hiyo, "viti 5" ni idadi, na hakuna abiria wa basi atakayechanganya. Lakini pini iko ngeli ya I-ZI, na jina lenyewe halibadiliki: pini moja, pini arobaini. Upatanisho wa kitenzi ungeweza kutuambia, maana "pini 5 imeungua" si sawa na "pini 5 zimeungua". Ila mwongozo huandikwa kwa kuamuru, na amri haibebi kiambishi cha ngeli: "Unganisha pini 5." Ni ile ya 5, au ni tano kwa idadi? Unaweza kuandika "iunganishe" au "ziunganishe" na mashaka yakaisha, lakini mwanafunzi wa siku ya kwanza hatazami silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Anatazama tarakimu.

Ndiyo maana napendekeza "pini namba 5", au "pini nambari 5" ukipenda. Yote mawili yanakubalika, na wasomaji wa Kenya wamezoea zaidi nambari. Neno namba linaifanya tarakimu kuwa jina. Chumba namba 12 kinaweza kuwa cha pili ghorofani, wala hakuna anayeshangaa.

Hapo umefunga njia mbili: ya kuhesabu safu na ya volti. Imebaki ile ya GPIO, na hii ndiyo inayowasumbua hata mafundi. Namba ya pini ni ya mahali kwenye bodi. Namba ya GPIO ni ya mguu wa chipu, aliyeipanga ni mtengenezaji wa chipu, na hakujali mstari wa shaba utaishia wapi ukingoni mwa bodi ya mtu mwingine. Wapenzi wa mpira watanielewa upesi: mchezaji anaweza kuvaa jezi 20 mgongoni na bado mtangazaji akasema "anacheza namba sita". Jezi na nafasi ni hesabu mbili.

Ukitaka ushahidi kwamba hizi ni hesabu mbili, upo kwenye bodi zenyewe. Katika toleo la kwanza la modeli B, pini namba 5 ilikuwa GPIO 1. Mwaka huohuo wa 2012 bodi ikafanyiwa marekebisho, na pini namba 5 ikawa GPIO 3, na ndivyo ilivyo hadi leo. Kijiti hakikusogea hata kidogo. Kilichobadilika ni mguu wa chipu kilichofungwa nao. Mwongozo uliosema "pini ya 1" ukikusudia GPIO 1, bila kufafanua, ulipoteza maana kwa bodi iliyofuata.

Basi weka kanuni kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo wako: "pini namba" ni mahali, "GPIO" ni jina la kwenye programu, na umeme hutajwa kwa volti. Na volti itangulie tarakimu, kama tunavyosema kilo 3 na shilingi 500: volti 5, volti 3.3. Bodi imeandikwa 5V kwa mpangilio wa kigeni, lakini fundi anayeisoma kwa sauti atasema "volti tano", nawe andika anavyosema. Mwanafunzi akishindwa kujua namba 1 iko upande gani, mwambie aigeuze bodi. Kwa chini, kidoa cha lehemu cha pini namba 1 kimewekwa kwenye mraba, na vingine kwenye miduara.

Usidhani nakaza uzi bure. Pini za GPIO kwenye bodi hizi hufanya kazi kwa volti 3.3 na hazikukusudiwa kupokea volti 5. Waya wa volti 5 ukiguswa na pini namba 5 unaweza kuiua chipu, na chipu hiyo haibadilishwi kwa bisibisi. Kati ya "ya" na "namba" kuna bodi nzima ya kununua upya.

Na kwa sababu hiyohiyo, hata "pini ya volti 5" haitoshi wakati mwingine. Inatoa volti 5 au inapokea? Pini namba 2 na namba 4 zimeungwa kwenye njia kuu ya umeme ya bodi, kwa hiyo zinaweza kufanya yote mawili: kukilisha kifaa kidogo kama feni, au kuilisha bodi yenyewe kutoka nje. Kuilisha kwa njia hiyo kunaruka ulinzi uliowekwa penye tundu la chaji. Kitenzi ndicho kinachosema ukweli hapa, -a unganifu haiwezi. Andika "pini inayotoa volti 5".

Kuna neno lingine katika sentensi yako ambalo hukuliuliza, nami siliachi: "unganisha ... na". Chukua mfano wa feni. Mtu anaandika: "Unganisha pini namba 4 na namba 6 kwenye feni." Mwanafunzi mwenye haraka anasoma mpaka "namba 6", anaacha hapo, anachukua kipande cha waya na kuziunga pini hizo mbili. Namba 4 ni volti 5, namba 6 ni GND. Imepiga shoti. Kiunganishi "na" hakituambii kama vitu viwili vinaungana vyenyewe kwa vyenyewe au vyote viwili vinakwenda kwa cha tatu. Afadhali kitenzi kimoja kwa kila waya: "Waya mwekundu wa feni uchomeke kwenye pini namba 4. Mweusi uchomeke kwenye pini namba 6." Kuna anayenong'ona kwamba hapo pini ndiyo inayoingia ndani ya waya, kwa kuwa ncha ya waya ni jike na pini ni dume, hivyo "chomeka" si sahihi. Kweli kwa jicho, lakini matumizi yameshaamua: tunachomeka waya, hatuuvishi.

Swali lako la pili. Ubao ni neno zuri ila limejaa: ubao wa darasani, ubao wa matangazo, na wingi wake, mbao, unakwenda kwa seremala. "Mbao mbili za saketi" haisomeki vizuri. Bamba nimeliona likipendekezwa, na kwa umbo lingefaa, lakini mtu akilisikia anafikiria bati. Bodi ndilo neno la mafundi simu wa Kariakoo kila siku: bodi imeingia maji, bodi imeungua. Lichukue hilo. Lina kasoro moja, kwamba lina pacha: bodi ya gari, yaani umbo lake la nje la bati. Msomaji mgeni anaweza kudhani "kompyuta ya bodi moja" ni kompyuta yenye kasha moja, kinyume kabisa na kifaa kisicho na kasha. Sentensi moja ya maelezo pale mwanzo itamaliza kazi: kompyuta ambayo kichakataji, kumbukumbu na matundu yake yote vimelehemiwa kwenye bodi moja ya saketi. Kwenye modeli B ya kwanza walikwenda mbali zaidi, wakaipandisha chipu ya kumbukumbu juu ya kichakataji chenyewe, hivyo ukitafuta kichakataji kwa macho unasoma jina la kumbukumbu.

Upatanisho wake ni I-ZI: Raspberry Pi imewaka, Raspberry Pi mbili zimewaka. Usiniandikie "amewaka".

Na kwa kuwa tumefika kwenye kuwaka: usiandike "washa kompyuta" kwa bodi za kawaida zilizotangulia Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023. Hazina kitufe. Mwanafunzi mtiifu atazunguka bodi nzima akikitafuta. Andika "chomeka waya wa umeme", itawaka yenyewe. "Zima" nalo lina mtego, maana kwetu linabeba mambo mawili, kufunga mfumo na kukata umeme, na hapa yakigeuzwa mpangilio kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika. Yatenganishe: "Funga mfumo kwa kutumia menyu. Subiri taa ya kijani iache kumetameta. Kisha chomoa waya." Ongeza kwamba taa nyekundu itabaki inawaka mpaka waya uchomolewe, la sivyo watakaa wakiisubiri izime.