Kama L-NAME haishushi mkondo, sensa yako haipimi NO

Mkuu, unasema sensa yako ya kupima NO (oksidi ya nitriki) ni ya unyuzi wa kaboni uliopakwa Nafion, yaani utando wa plastiki, umeiweka volti 0.9, ukizichokoza seli za mishipa ya damu mkondo wa umeme unapanda, lakini ukitanguliza dawa ya L-NAME unapanda vilevile. Basi jibu umeshalipata mwenyewe. L-NAME inakizuia kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki. Ikiwa mkondo haukushtuka, kinachooksidika pale nchani ni kitu kingine.

Yalinikuta. Wiki tatu nilipima vipande vya ubongo wa panya, grafu zikatoka za kupendeza, nikazipeleka kwa msimamizi wangu kifua mbele. Akauliza tu, "Umeijaribu kwa asidi askobiki?" Nikarudi maabara kimya kimya, nikaitumbukiza sensa kwenye bafa (mmumunyo unaotunza pH) tupu isiyo na tishu yoyote, nikadondoshea asidi askobiki kidogo. Mkondo ukaruka! Wiki tatu nilikuwa napima vitamini C.

Kwa volti hiyo NO inaachia elektroni, lakini nitriti, asidi askobiki na dopamini nazo zinaachia. Elektrodi haichagui, kazi ya kuchuja ni ya Nafion. Ina chaji hasi, kwa hiyo inazisukuma nitriti na askobiki, huku NO isiyo na chaji ikipenya. Yangu ilikuwa na ufa. Siku hizi napaka, nakausha kwenye oveni, napaka tena, na sigusi sampuli mpaka sensa inyamaze nikiweka nitriti ya mikromola 100. Dopamini ni balaa lingine: kwa pH 7.4 ina chaji chanya, hivyo Nafion inaivuta. Wewe wa mishipa ya damu umepona hapo.

Kuhusu kalibresheni, yaani kuipima sensa kwa NO ya kiasi kinachojulikana, wengi tunaharibu kwenye oksijeni. Maji yaliyoshiba NO yana kama milimola 1.9 kwa nyuzi 25, lakini NO ikikutana na oksijeni inageuka nitriti, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo inavyokwisha haraka. Kwenye bafa yenye hewa, mikromola 10 inabaki nusu chini ya dakika moja. Mikromola 1 inakupa dakika tisa hivi. Kwa hiyo fukuza oksijeni kwa nitrojeni kabla ya kudondosha, na chota kwa sindano isiyo na povu la hewa. Seli zako zikiwa kwenye nyuzi 37, kalibresheni nayo iwe 37. Hizi sensa zinahisi joto kuliko unavyodhani.

Halafu umeme. Ukikatika hata dakika tano, unaanza upya kusubiri mkondo wa chini (ule wa kabla ya kupima) utulie, na kwangu hiyo ni saa kadhaa. Tafuta UPS, betri ya akiba.

Fanya jaribio la askobiki kwanza, uweke grafu hapa, na useme umepaka tabaka ngapi.