Mguu mmoja haufunguki vizuri: kapige eksirei ya nyonga

Pole, Mama Zuhura. Umesema binti yako ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo, hakai bila kushikiliwa, na siku hizi ukimbadilisha nepi mguu wa kushoto haufunguki kama wa kulia. Hilo la mguu ndilo lililonishtua. Mwanangu alianza hivyohivyo, nami nikadhani ni misuli tu, nikazidisha kumchua, kumbe nyonga ilikuwa inatoka.

Omba eksirei ya nyonga zote mbili, amelala chali. Daktari hupima kichwa cha mfupa wa paja kimetoka kiasi gani kwenye kikombe chake, yaani tundu la nyonga linalokishika. Sehemu iliyotoka ikizidi asilimia 30 ya kichwa hicho, aonwe na bingwa wa mifupa wa watoto. Kwa wasiotembea, picha hurudiwa kila miezi 6 hadi 12 hata kama halii, maana nyonga huchomoka kimyakimya. Picha za zamani usitupe, zangu ziko chini ya godoro.

Mazoezi endelea nayo, ila pekee hayarudishi nyonga iliyotoka. Usimtanue miguu kwa nguvu, wala usimpeleke kwa wavuta mifupa. Akianza kulia usiku, au mguu mmoja ukionekana mfupi, nenda hospitali wiki hiyohiyo.