Wadogo zangu, toeni hiyo jumla = 0 ndani ya fanksheni

Msimu wa projekti umefika tena hapa Mbeya, na kosa ni lile lile la waliowatangulia. Mtu kaandika programu ya stoo ya viazi Uyole, magunia yanaingia mchana kutwa, jioni jumla inasoma sifuri. Halafu: "Kaka, kompyuta yangu inazingua." Kompyuta ni nzima, mdogo wangu. Vuta kiti.

1. Wengi mnaanza hivi kwenye Python (def inaanzisha fanksheni, yaani kipande cha programu unachokiita kwa jina):

jumla = 0

def pokea(magunia):
    jumla = jumla + magunia

pokea(12)

Mnategemea 12, Python inawapa hitilafu iitwayo UnboundLocalError. Mnauliza, si jumla ipo pale juu? Ipo, na fanksheni ingeiona vizuri kama ungekuwa unaisoma tu. Tatizo ni kwamba kabla ya kuendesha mstari hata mmoja, Python huwa imeshapitia mwili wote wa fanksheni. Jina lolote linalopewa thamani humo, iwe kwa = au kwa +=, linahesabiwa la ndani kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo hata upande wa kulia wa = inatafutwa jumla ya ndani, na hiyo bado haina kitu. Ndiyo maana print(jumla) iliyokuwa ikifanya kazi jana kwenye mstari wa kwanza inagoma leo, eti kwa sababu umeongeza jumla = 5 kwenye mstari wa 20. Hitilafu inakuonyesha mstari wa kwanza, mchawi yuko wa 20.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Mtu akiona hitilafu, anaweka jumla = 0 ndani ya fanksheni. Maandishi mekundu yanaisha, anashusha pumzi, anaenda kunywa chai. Lakini kila pokea inapoitwa, inazaliwa jumla mpya yenye sifuri, inaongezewa magunia, na inakufa fanksheni ikimaliza. Ingiza 12, 8 na 15. Ukichapisha ndani unapata 12, 8, 15 badala ya 12, 20, 35. Ukichapisha nje unapata 0. Hakuna hitilafu wala onyo. Mkulima kashusha mzigo wake kutoka Umalila, kaondoka, na programu haina habari naye. Lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, tayari inamuumiza mtu huyu. Tusimwongezee maumivu kwa uvivu wetu. Bora programu ikatike mbele yako ukiiandika kuliko ikae kimya mbele ya mwenye mali.

Kuandika global jumla mwanzoni mwa fanksheni, yaani kuiambia Python itumie jumla ya nje, kunatibu, na kwenye programu ya mistari 30 sigombani na mtu. Ila zikifika fanksheni tano, pokea, uza, rudisha, hamisha, futa, zote zinaishika jumla moja, siku namba ikiharibika utazipekua zote tano.

2. Njia ninayotaka mzoee ni hii:

def pokea(jumla, magunia):
    return jumla + magunia

jumla = 0
jumla = pokea(jumla, 12)

Ingiza kwa mabano, rudisha kwa return, kisha lipokee jibu. Hilo la tatu ndilo mnalosahau: pokea(jumla, 12) ikisimama peke yake inakokotoa halafu jibu linapotea. Na ukiweka print mahali pa return, fanksheni inarudisha None, yaani hakuna kitu. Mzigo wa pili ukiingia unakutana na TypeError inayotaja NoneType, unaanza kulaumu namba ambazo hazina kosa.

3. Listi inawachanganya kwa sababu ukiwa na mizigo = [] nje, mizigo.append(12) ndani ya fanksheni inapita bila global. Hapo hujalipa jina thamani mpya, umebadilisha kilichomo tu. Andika mizigo = mizigo + [12] au mizigo += [12] uone inavyogoma. Na tafadhali, msiandike mizigo=[] kwenye mabano ya def: listi hiyo hutengenezwa mara moja tu, def inaposomwa, kwa hiyo magunia ya mteja wa kwanza yatamfuata wa pili.

4. Thamani zisizobadilika, kama UZITO_GUNIA = 100, ziacheni juu kwa herufi kubwa, zisomwe tu. Na kigeu, yaani jina linaloshika thamani, msikiite sum: hilo tayari ni jina la fanksheni ya Python yenyewe.

5. Mkihamia PHP, mambo yanageuka: fanksheni haioni kigeu cha nje hata kwa kukisoma, mpaka uandike global au ukipitishe kwenye mabano. Kwenye JavaScript, jina ulilolipa thamani bila kulitangaza linakuwa la nje (global) kimyakimya, hata kama uko ndani ya fanksheni. Tumieni let na const, zipo tangu 2015, na wekeni "use strict" juu ya faili.

Ukikwama kwenye Python, weka print(locals()) mstari mmoja kabla ya return. Jina ukiliona humo ni la ndani. Usipoliona, ama linatoka nje, ama ni la ndani ambalo bado halijapewa thamani. Fanya hivyo kwanza, halafu niite.