Kivuli cha bwawa: angalia jua la saa tisa

SWALI: Habari za kazi. Niko Njiro, Arusha, tuna bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, mita 8 kwa 4, ubavu mrefu umeelekea magharibi. Watoto wako likizo na kuanzia saa nane mchana hapakaliki, mdogo juzi mgongo umebabuka kabisa. Mwavuli mkubwa nilinunua, upepo ukaubeba ukavunjika. Fundi mmoja anasema nipige bati juu lote, mwingine anasema nipande miti. Nishike lipi?
Mama Watatu, Njiro

JIBU: Pole sana mama, na mdogo mpe pole. Huku kwetu watu tunadanganywa na kaubaridi, Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi inayounguza ngozi inavyozidi, mtoto hasikii joto kumbe anaungua.

Bati naomba uliache. Mvua ikinyesha hamsikilizani, halafu ikifika Juni na Julai maji yatakuwa barafu hakuna mtu atatia hata kidole, bwawa la Arusha linahitaji jua lake miezi ile. Miti nayo mpaka ikupe kivuli hao watoto wameshamaliza sekondari.

Mimi ningefunga neti ya kivuli, ile nene iliyofumwa kama wanayofunikia vitalu vya miche na mboga, chagua inayozuia asilimia 80 hivi. Upepo unapita, maji ya mvua yanapita, haijazi tumbo la maji kama turubai ambalo masika likijaa linang'oa mpaka nguzo. Na ukitaka kuivua mwezi wa sita unaivua, unaikunja unaweka stoo.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapotupa hela, tafadhali nisikilize vizuri: kivuli hakikai chini ya neti. Saa sita na nusu mchana ndiyo jua liko juu kabisa hapa kwetu, ikifika saa tisa na nusu limeshalala magharibi na neti iliyo mita 3 juu kivuli chake kimesogea mashariki karibu mita 3 nzima. Bwawa lako lina upana wa mita 4! Yaani ukiifunga katikati sawasawa, muda ule ule watoto wanaungua wewe unapozea majani. Kwa hiyo isogeze magharibi, ivuke ukingo wa bwawa mita 2 au zaidi, na upande huo wa magharibi uishushe uwe chini kuliko wa mashariki. Kabla hujalipa mtu yeyote chukua shuka na mianzi minne, simamisha siku moja kuanzia saa nane hadi saa kumi uone kivuli kinaangukia wapi, ndipo fundi achimbe.

Nguzo ziwe mabomba ya chuma yamesimikwa kwenye zege, yainamishwe kidogo kwenda nje kwa sababu neti ikikazwa inavuta sana, na kila kona iwe na kile chuma cha kuzungusha cha kukazia. Neti iliyolegea inapigapiga na upepo mpaka inachanika, usikubali fundi akufungie kwa kamba tu. Huna haja ya kufunika bwawa lote, funika upande wa kina kifupi wanakochezea wadogo.

Faida nyingine, jua linaua klorini haraka sana, ile isiyo na dawa ya kuikinga na jua inaweza kuisha masaa machache tu, kwa hiyo chini ya kivuli itakaa zaidi. Ila kupima maji usiache, na watoto wavae nguo za kuogelea za mikono mirefu maana maji yanarudisha mwanga.

SWALI: Nina jakaranda kubwa kando ya bwawa, maua yananitesa, nikate?
Msomaji, Moshi

JIBU: Usikate jamani, kivuli hicho Moshi na joto lenu utakilipia bei gani? Punguza matawi yaliyoingia juu ya maji tu, na Oktoba na Novemba yakichanua opoa maua kila asubuhi, yakiachwa yanakula klorini na kuziba kikapu cha pampu. Chungulia na kuta za bwawa upande wa mti, ukiona ufa mwite fundi aangalie mizizi mapema.